DJ, usiache mashine ikukatie benga: Lupu nzuri huwekwa kwa sikio

Chukulia umepata kazi ya kuchezea harusi pale Njoro. Wageni ni mchanganyiko wa kawaida wa Nakuru: upande wa bibi harusi ni Wakikuyu kutoka Bahati, upande wa bwana ni Wakalenjin kutoka Kuresoi, na katikati wamejaa Waluhya, Wakisii na Waluo waliokua na wazazi hao mjini. Maharusi wameitwa waingie. Emsii anakupungia mkono: ongeza, ongeza, bado wako mlangoni. Wimbo umebakisha sekunde 20, na kina shosho ndio kwanza wamepata mwendo.

Hapo ndipo itajulikana kama wewe ni DJ au ni mtu aliyekuja na laptopu.

Kuna wanaobadilisha wimbo haraka na kuua densi. Kuna wanaourudisha mwanzo, na kila mtu anasikia umerudi mwanzo. Anayejua kazi hubonyeza kitufe kimoja tu, na kile kipande kitamu cha gitaa kinaendelea kuzunguka bila mtu kushtuka, hadi maharusi wafike mbele ya meza ya keki. Kipande hicho kinachojirudia ndicho kinaitwa lupu. Na kama wewe ni DJ chipukizi hapa Nakuru, Naivasha, Molo au Kericho, lupu ndiyo ufundi utakaokutofautisha na mwenzako aliyepakua nyimbo zilezile kutoka mtandao uleule.

Habari mbaya ni kwamba programu unayotumia haikutengenezwa ikiwa na muziki wa babu yako akilini. Ukiiachia ikuwekee lupu kwenye benga ya miaka ya sabini, itakuaibisha.

Ilianza na santuri mbili

Lupu si kitu kilicholetwa na kompyuta. Mnamo Agosti 11, 1973, katika mtaa wa Bronx jijini New York, kijana mzaliwa wa Jamaica, Clive Campbell, anayejulikana kama DJ Kool Herc, alichezea sherehe ya dada yake. Herc alikuwa ameona kwamba watu huchizi zaidi pale waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Shida ni kwamba sehemu hiyo huwa fupi. Basi akawa anatumia nakala mbili za santuri moja: sehemu ikiisha upande huu, anaianzisha upande ule, kisha anarudi.

Baadaye Grandmaster Flash, pia wa Bronx, akaanza kuchora alama kwenye santuri kwa kalamu ya rangi ili ajue sindano irudi wapi hasa. Ile alama ndiyo babu wa vitufe vya IN na OUT unavyoviona leo kwenye kontrola yako. IN ni pale kipande kinapoanzia, OUT ni pale kinapokatwa na kurudi IN. Kazi yote iko hapo. Ugumu ni kujua mahali.

Mbona amapiano haikusumbui?

Ukicheza amapiano, gengetone au arbantone, lupu ni kama kunywa maji. Unabonyeza kitufe cha lupu ya midundo 8 au 16, na inakaa sawa. Hii ni kwa sababu midundo ya nyimbo hizo ilipangwa kwenye kompyuta. Kama ni BPM 112, yaani midundo 112 kwa dakika, basi ni 112 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Programu inapima kasi mara moja, inachora mistari juu ya wimbo mzima kwa nafasi zinazolingana, kisha inakata kwa kufuata mistari hiyo. Mistari hiyo ndiyo gridi. Ukienda kuchezea vijana Naivasha wakati wa Safari Rally, unaweza kumaliza usiku mzima bila kuigusa.

Benga ya zamani ni hadithi nyingine. Ilirekodiwa na watu wazima waliosimama studioni na magitaa yao, besi na ngoma, wakapiga wimbo kwa pamoja. Hakukuwa na mashine ya kuwashikia kasi. Mpiga ngoma akichangamka, wimbo unakimbia kidogo. Na benga ina tabia yake: inaanza na maneno, gitaa likijibu mwimbaji, kisha maneno yanapungua na gitaa la solo linachukua usukani. Wapenzi wa benga huita sehemu hiyo klaimaksi. Hapo ndipo watu huinama na kukatika, na ndipo bendi nyingi huongeza mwendo.

Sasa hebu tupige hesabu. Tuseme programu imepima wimbo na kuamua ni BPM 112. Lupu ya midundo 16 itakuwa na urefu wa sekunde 8.57. Lakini kwenye klaimaksi bendi ilishafika 115. Midundo 16 ya kweli pale inachukua sekunde 8.35. Tofauti ni sekunde 0.22. Inaonekana ni kitu kidogo, sivyo? Kwa kasi hiyo, mdundo mmoja ni karibu sekunde 0.52. Kwa hivyo kila mzunguko lupu yako inachelewa kurudi kwa karibu nusu ya mdundo. Mguu wa shosho uko chini, ngoma bado iko juu. Hatajua neno lupu, lakini atajua kuna kitu kimeharibika, na ataenda kuketi.

Si nne kila mara

Kuna mtego wa pili. Vitufe vya lupu kwenye programu nyingi vinahesabu 1, 2, 4, 8, 16, 32. Vimechukulia kwamba muziki wote duniani unatembea kwa nne. Lakini jaribu kuuweka mwomboko, ule wa kodiani na karing'aring'a, ndani ya hesabu hiyo. Mwomboko unazunguka kama waltz, kwa tatu. Ukibonyeza lupu ya 4 umekata hatua ya mchezaji katikati. Unahitaji 3, 6 au 12, na mara nyingi utalazimika kuikata mwenyewe kwa mkono.

Ni vivyo hivyo kwa nyimbo nyingi za asili za eneo hili. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika kwa Wakipsigis, Kapkatet, na kunasa wimbo unaojulikana hadi leo kama Chemirocha, jina lililotokana na lile la mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers. Usikilize kwa makini: nyuzi za chepkong zinarudia kipande kifupi tena na tena, na sauti za wasichana zinapanda juu yake. Huo ni muziki ambao tayari unazunguka wenyewe. Aliyeupiga alishakuwekea lupu, wewe kazi yako ni kuhesabu mzunguko wake una urefu gani badala ya kuulazimisha uwe 8.

Mtego wa upande wa pili

Wengi wetu tumepata nyimbo za zamani kupitia YouTube au flashi ya mjomba. Lakini nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo za kasi ya 45, ambazo upande mmoja haubebi zaidi ya dakika chache. Studio zilikuwa zinaugawa wimbo mara mbili: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Mara nyingi upande A unafifia pale utamu unapoanza, na klaimaksi nzima iko upande B.

Ndiyo maana utapata faili ya dakika tatu inayokatika ghafla, wazee wakiguna. Kabla hujaweka lupu yoyote, tafuta kama kuna sehemu ya pili. Ukiipata, lupu ndiyo daraja lako: zungusha mwisho wa upande A kabla haujafifia, ingiza upande B kwenye deki ya pili, kisha uachie. Kwa mtu aliye kwenye densi, wimbo haukuwahi kukatika. Hiyo ni kazi ya Herc kabisa, ila wewe unaifanyia Njoro.

Namna ya kuiweka, hatua kwa hatua

Fanya haya nyumbani, ukiwa na hedifoni na utulivu. Usijaribu mbele ya watu.

Kwanza, sikiliza wimbo wote bila kugusa kitu. Andika klaimaksi inaanza dakika gani, na wapi waimbaji wananyamaza.

Pili, zima Quantize. Kitufe hicho huvuta alama yako hadi kwenye mstari wa gridi ulio karibu. Kwa amapiano ni msaada. Kwa wimbo unaobadilisha kasi, kinakuvuta kwenye mstari uliokosewa.

Tatu, tafuta "moja". Kwenye benga usifuate gitaa la solo, litakupoteza. Fuata besi. Ina mchezo wake mfupi unaorudi kila baada ya muda, na inaporudi mwanzo, hapo ndipo moja. Vuta picha ya wimbi la sauti iwe kubwa, weka IN mwanzoni kabisa mwa ule mgongo wa sauti, si katikati yake.

Nne, acha mzunguko uishe na ubonyeze OUT pale "moja" inayofuata inapoanza. Usijali ukichelewa kidogo. Programu zote kubwa zinakuruhusu kusogeza alama ya OUT kidogo kidogo. Kanuni ni moja: ikishakaa IN, usiiguse tena, sogeza OUT tu. Ukizisogeza zote mbili utazunguka hadi asubuhi.

Tano, iache icheze kwa dakika nzima huku ukipiga mguu. Si mara mbili, dakika nzima. Kosa dogo halisikiki mzunguko wa kwanza. Ukisikia "tik" pale inaporudi, au mguu wako ukijikwaa, rudi hatua ya nne.

Sita, ihifadhi na uipe jina linaloeleweka, kwa mfano "klaimaksi 16" au "besi tupu". Saa nne usiku, taa zikiwa chini na emsii akikupigia kelele, hutakumbuka ile ya kijani ilikuwa gani.

Saba, jaribu kutoka. Achia lupu na usikilize wimbo ukiendelea. Lupu nzuri ni ile ambayo hata kutoka kwake hakusikiki.

Ukimaliza, utagundua faida ambayo wengi hawaijui. Wimbo mzima unayumba, lakini lupu yako ina urefu mmoja usiobadilika. Ile ya midundo 16 yenye sekunde 8.35 ni BPM 115 kamili, mzunguko baada ya mzunguko. Maana yake sasa unaweza kuichanganya na arbantone au amapiano bila vita. Yaani kipande cha benga kinakuwa uwanja ambapo shosho na mjukuu wanakutana kabla hujabadilisha wimbo. Kwenye sherehe za huku, ambapo vijana na wazee wanagawana sakafu moja, ujuzi huo ndio unaofanya upigiwe simu tena.

Kuhusu programu, usidhani lazima uwe na pesa. Mixxx ni ya bure kabisa na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwenye mipangilio yake ya kupima midundo, ondoa alama pale inapochukulia kwamba wimbo una kasi moja. Rekordbox ina hali ya uchambuzi inayoitwa Dynamic kwa nyimbo za aina hiyo. Serato inakuruhusu kuweka alama kadhaa za gridi ndani ya wimbo mmoja ili ifuate bendi inavyokimbia. Zinasaidia, ila hakuna inayokuondolea kazi ya kusikiliza.

Lupu zako zinakaa wapi?

Hili ndilo swali ambalo watu huuliza baada ya laptopu kuibwa. Serato huandika alama na lupu ndani ya faili ya wimbo yenyewe, kwa hivyo ukinakili faili, lupu zinaenda nayo. VirtualDJ, Rekordbox na Mixxx huziweka kwenye hifadhidata yao pembeni. Ukinakili nyimbo peke yake kwenye flashi na kuzifungua kwa mashine ya rafiki, nyimbo zitakuja uchi. Kwa Rekordbox, tumia njia yake ya kuhamishia kwenye flashi ili lupu zionekane kwenye deki za klabu. Kwa zingine, weka nakala ya hifadhidata hiyo mahali pengine kila wiki. Miezi mitatu ya kusikiliza inaweza kupotea kwa kikombe kimoja cha chai juu ya kibodi.

Ukitaka kipande chako kiwe faili kamili, fungua wimbo kwenye Audacity, ambayo pia ni ya bure, chagua mzunguko wako, bonyeza herufi Z ili mkato uangukie mahali wimbi liko kwenye sifuri, kisha tumia Repeat kuurudia. Hifadhi kama WAV. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili wakati wa kubanwa, na kimya hicho kinatosha kuharibu mzunguko.

Usizungushe maneno usiyoyaelewa

Sasa tuongee kama watu wa Nakuru. Hapa kwetu lugha kadhaa zinaketi meza moja. Ukiweka lupu juu ya maneno, unachukua kipande cha sentensi na kukirudia mara 20 kwa spika kubwa. Neno lililokuwa na maana nzuri ndani ya wimbo linaweza kubaki tusi likikatwa katikati. Wimbo unaochangamsha kwa mdundo unaweza kuwa wa kuomboleza mtu.

Na kuna zaidi ya aibu. Jiji hili lilipitia machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na watu hawajasahau. Mwaka wa 2012 wanamuziki kadhaa walishtakiwa nchini kwa madai kwamba nyimbo zao zilieneza chuki. Wewe DJ hukuimba, lakini ni wewe uliyechagua mstari mmoja kati ya thelathini na kuukwamisha hapo. Kwa lugha usiyoijua, weka lupu kwenye gitaa na besi pekee. Ukitaka sauti ya mwimbaji, muulize anayeijua lugha hiyo kwanza. Itakuchukua dakika tano, na pengine atakuambia hadithi ya wimbo ambayo utaitumia ukimpa emsii dondoo.

Ni muziki wa mtu

Kucheza lupu moja kwa moja kwenye sherehe ni sehemu ya kazi ya DJ, na leseni ya kucheza muziki hadharani ni jambo la kuulizia kabla hujakubali kazi ili ujue ni nani anailipia. Lakini ukichukua klaimaksi ya mtu, ukaweka ngoma zako juu yake na kuipandisha mtandaoni kwa jina lako, hapo umetoka kwenye u-DJ na kuingia kwenye hakimiliki. Kulingana na sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Joseph Kamaru, mmoja wa majina makubwa kabisa ya muziki wa Kikuyu, alifariki Oktoba 2018. Tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2068. Kwamba wimbo ni wa zamani haimaanishi hauna mwenyewe.

Mfano mzuri uko katika familia hiyo hiyo. Mjukuu wake, anayejulikana kama KMRU, ni msanii wa sauti anayetambulika kimataifa, na amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake mtandaoni ili watu wazisikie na kuzinunua. Nunua faili kama hizo unapozipata. Sauti yake ni safi kuliko ya video iliyorekodiwa kwa simu, na lupu iliyokatwa kutoka faili safi inavumilia spika kubwa. Ile ya YouTube iliyobanwa mara tatu itasikika kama redio ndani ya debe.

Anza na nyimbo tatu

Usijaribu kuwekea lupu nyimbo 2,000 wikendi moja. Chagua tatu ambazo ukizicheza huku lazima watu wasimame: benga moja, mugithi mmoja na wimbo mmoja wa Kikalenjin. Kwa kila mmoja weka lupu mbili, moja ya klaimaksi na moja ya besi tupu ya kutokea. Hizo ni sita. Jioni moja inatosha.

Kisha mwite mtu mzima anayezijua nyimbo hizo, iwe ni mzazi, jirani au yule mzee wa duka la vipuri, na umchezee bila kumwambia umefanya nini. Usiangalie skrini, angalia mguu wake. Ukisita, unajua ni OUT gani ya kusogeza.